Bakuli Lililorudi na Tende

"Wewe mtu wa milimani, unajuaje samaki unayekula ni samaki gani?"

Zahoro, fundi baiskeli aliyekuwa jirani yake kule Ilala, aliwahi kumwuliza Sajini Theophil swali hilo walipokuwa wamekaa kibarazani na sahani ya samaki wa kukaanga kati yao. Theophil alijibu kwamba hana haja ya kujua. Yeye humwuliza Abbasi, koplo mwenzake wa kituoni. Zahoro akatema mwiba, akacheka.

Jumanne ile asubuhi Theophil alikuwa peke yake katika ofisi ya askari kanzu, yaani polisi wasiovaa sare, na juu ya meza kulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni chupa ya jemu yenye mabaki ya supu ya pweza, ambayo dokta aliyatia spiriti yasioze. Cha pili ni bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu, na kitako chake kimezibwa tundu kwa risasi ya kulehemu. Cha tatu ni faili.

Faili lilikuwa fupi. Ubeid bin Saleh, Mwarabu Mshihiri mwenye duka la kanga Mtaa wa Mchikichi, alinunua supu ya pweza Ijumaa mchana kwa Bi Kijakazi, mama apikaye supu ubavuni mwa soko la Kariakoo. Usiku, baada ya Isha, Ubeid alisema midomo inamfa ganzi. Ukafuata ulimi, ikafuata miguu. Alfajiri alikufa hospitalini. Mhudumu wa wodi alieleza kwamba mwili ulikuwa kama gogo, lakini macho yaliwafuata watu mpaka dakika ya mwisho, na machozi yalikuwa yakimtoka. Jumamosi lilipatikana nyumbani kwake bakuli la Bi Kijakazi lenye supu kidogo, na pembeni yake paka amekufa.

Dokta alisema ni sumu ya bunju, yule samaki ambaye akiguswa hujijaza maji akawa kama mpira. Ini lake huua, mayai yake huua, hata ngozi yake si ya kuchezea. Lakini bunju aliingiaje katika supu ya pweza?

Hilo alilieleza Koplo Abbasi. Abbasi alizaliwa Mbwamaji, ng'ambo ya kivuko, baba yake mtega madema, ile mitego ya samaki. Alisema pweza ni mlafi. Huyu alimla bunju, sumu ikamwingia nyamani, naye mama wa watu akampika bila kujua. Ni ajali iliyoandikwa na Mungu. Theophil alilitia jambo hilo katika ripoti kwa mkono wake mwenyewe, akaweka sahihi.

Maelezo mengine yote aliyaandika Abbasi. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote kituoni, na tena mjane wa marehemu, Saadiya, alikuwa dada yake. Mwanamke aliye katika eda haonani na wanaume wa kando, kwa hiyo ilionekana ni bahati kwamba polisi wana mtu wa kuingia kwake. Theophil na Abbasi walikuwa wamekula sinia moja miaka sita. Hakuna aliyeona tatizo.

Aliyeona kitu ni Inspekta, Mwingereza asiyejua pweza wala bunju. Alisoma ripoti akauliza swali moja tu: kama pweza mzima alikuwa na sumu, mbona watu ishirini waliokula chungu kile kile walikuwa wazima? Basi sumu ilitiwa katika bakuli la Ubeid peke yake. Na watu wa Mchikichi walikwisha kusema kwamba Ubeid na Bi Kijakazi waligombana wiki iliyopita, kwa sababu moshi wa supu ulikuwa unaingia dukani na kunukisha kanga. Inspekta akaandika kwa wino mwekundu: kuua kwa kukusudia. Jumatano saa tatu Bi Kijakazi, aliyekuwa mahabusi tangu Jumamosi, apelekwe kwa hakimu. Adhabu yake kila mtu aliijua.

Theophil akaitia chupa katika kikapu, akaifunika kwa gazeti. Alitaka apate mtu wa pili wa kushuhudia kwamba pweza hula bunju, na kwamba sumu yaweza kukaa mkono mmoja wa pweza ikaacha mwingine. Mtu mmoja asiye ndugu wa marehemu angetosha. Abbasi alikuwa msibani, hakutaka kumsumbua.

*

Magogoni maji yalikuwa yamekupwa. Wavuvi walimwonyesha Bi Sabaha, mwanamke mwembamba mwenye kaniki iliyofungwa kifuani, ameinama miambani na chuma chake cha kuchokolea pweza. Theophil alivua viatu, akamwendea kwa kupepesuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kanyaga penye mchanga. Hapo utakatwa."

Alimweleza shida yake. Bi Sabaha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajinyoosha na mkono kiunoni.

"Nani kakwambia pweza hula bunju?"

"Mtu wa pwani."

"Pwani gani hiyo? Pwani ya Dodoma?"

Wanawake wawili waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja, aliyemtambua kwa lafudhi, akauliza huko kwao Uluguru pweza hupanda mti gani. Theophil akangoja waishe. Bi Sabaha hakuwa mtu wa kubishana; alikwenda mchangani ambako wavuvi huwatupa samaki wasiofaa, akarudi amemshika mkia bunju mdogo aliye hai bado. Akamwongoza Theophil mpaka kwenye kidimbwi kimoja chenye jiwe katikati.

Alisema chini ya jiwe lile pana pweza, alikuwa akimngojea atoke. Akamtia bunju majini taratibu.

Bunju aliogelea kama mtu aliyelewa, mapezi madogo, mwendo hauna haraka. Mkono mmoja ukatoka chini ya jiwe, ukafuata wa pili. Pweza akamrukia, akamfunika mzima. Theophil akadhani mambo yamekwisha. Mara ndani ya ile mikono kitu kikaanza kukua. Bunju alikuwa anameza maji, anavimba, miba midogo imesimama ngozi nzima, na mikono ya pweza ikawa haifikiani tena. Pweza akabadilika rangi, kutoka kahawia akawa mweupe, akaachia. Akarudi chini ya jiwe kwa kasi, akajivutia kokoto mlangoni. Bunju akabaki anaelea, tumbo limeangalia juu, mviringo kama chungwa.

"Hana haja ya kumng'ata apate kujua," Bi Sabaha alisema. "Pweza huonja kwa mikono. Chewa mwenye pupa ndiye humeza, bunju akamvimbia kooni, ukawakuta wote wawili wameelea. Papa mkubwa naye humeza, tumbo lake kama pipa. Lakini pweza? Miaka arobaini nachokoa mimi. Sijapata kuona bunju ndani ya pweza."

"Na kama mmoja alikosea?"

Bi Sabaha alichukua pweza mmoja aliyekwisha kuuawa, akamgeuza kichwa ndani nje kama mtu ageuzaye kofia. Vilivyokuwa ndani vyote, tumbo, ini, mfuko wa wino, akavikwangua kwa kidole kimoja na kuvitupa. Alisema hakuna mpishi wa pweza asiyefanya hivyo. Alichokula pweza hakifiki chunguni.

Theophil akafungua chupa, akamwaga vipande juu ya jiwe bapa. Bi Sabaha alivipekua kwa ncha ya chuma, hakuvigusa kwa mkono. Vipande vya pweza akavisukuma upande mmoja. Vikabaki viwili: kimoja laini, cha rangi ya manjano iliyofifia, na kingine kama utando, nacho kina vimiba vidogo vidogo.

"Hii ngozi. Pweza hana miba. Na hili ini la bunju, limekatwa kwa kisu, ona lilivyonyooka." Akainua macho. "Marehemu alikula saa ngapi?"

"Mchana. Baada ya swala ya Ijumaa."

"Akaugua saa ngapi?"

"Baada ya Isha."

Bi Sabaha akatikisa kichwa. Alisema bunju hangoji. Ukimla adhuhuri, alasiri huisikii midomo yako. Huyo mtu alilishwa usiku. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, huyo mtu wa pwani aliyemwambia maneno yale ni wa wapi hasa.

"Mbwamaji," alisema Theophil. "Mtoto wa mtega madema."

Bi Sabaha hakutania safari hii. Alikiosha chuma chake na kukifunga. "Mtoto wa dema hawezi kukosea hapo," alisema. "Huyo alijua wewe ndiye usiyejua."

*

Mahabusi ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la juu. Bi Kijakazi alikuwa amekaa juu ya jamvi, tasbihi mkononi. Alipomwona Theophil aliuliza kama wajukuu wake wamekula. Theophil alisema wamekula. Alipita kwao asubuhi. Akachuchumaa.

Alimwomba amweleze siku ya Ijumaa yote, tangu kununua pweza. Mama akasema hayo yote amekwisha kumwambia Abbasi.

"Niambie na mimi, mama."

Akaeleza kwa uchovu. Alinunua pweza watatu, akawapiga walainike, akawaosha, akawachemsha. Ubeid alimtuma mtu kuchukua supu baada ya swala, ikatiwa katika bakuli lile lililozibwa kwa risasi. Saa kumi, akienda kuswali alasiri, Ubeid mwenyewe alipita akalirudisha.

Theophil akasimamisha kalamu. "Bakuli hili lilirudi kwako?"

"Lilirudi limeoshwa. Na tende tatu ndani yake." Alieleza kana kwamba anamfundisha mtoto. "Tumegombana, kweli, kwa ajili ya moshi. Lakini yule bwana alikuwa mtu wa watu. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata siku ile tuliyotukanana alinirudishia na ndimu."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alinitania kwamba supu yangu imezidi pilipili kwa ajili ya ugomvi."

Katika faili hapakuwa na tende. Hapakuwa na alasiri. Paliandikwa tu, kwa ule mwandiko mzuri, kwamba mshitakiwa alimwuzia marehemu supu katika bakuli lililoonyeshwa, na mshitakiwa amekiri kwamba bakuli ni lake.

"Tende ulimwambia Abbasi?"

"Nilimwambia. Akasema, mama, mambo ya tende polisi hawayaandiki."

Theophil akauliza swali lililobaki. Baada ya alasiri, bakuli lile lilichukuliwa na nani? Tasbihi ikasimama. Bi Kijakazi akatazama ukuta, midomo yake ikienda bila sauti. Hatimaye alisema kwamba Abbasi alikula kwake tangu ana miaka saba, alipoletwa mjini kusoma chuo cha Kurani. Wakati mwingine kwa malipo, wakati mwingine bure. Abbasi alimwambia asitaje neno zaidi ya yale yaliyoandikwa, naye atamtoa kabla ya Ijumaa. Amempa ahadi, na yeye hajui kurudi nyuma katika ahadi.

"Mwulize yeye," alisema. "Atakwambia. Yule ni mwanangu."

*

Mtaa wa Mchikichi duka la Ubeid lilikuwa limefungwa milango. Theophil alibisha hodi upande wa nyumba, akakataa kuingia. Mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa akikaa na mjane alileta kigoda barazani, akavuta pazia la dirisha, na nyuma ya pazia Saadiya akasogea.

"Poleni na msiba, bibie."

"Tumeshapoa."

Alisema hatamchosha. Ana jambo moja tu la kuhakikisha katika karatasi zake. Ijumaa usiku, bakuli la supu lililetwa na nani?

Saadiya akalishika pazia.

"Kwani kaka hakukwambia?"

Saadiya hakungoja jibu, akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya mtu asiye na la kuficha. Abbasi alikuja baada ya Maghrib amebeba supu, akasema ni ya mwisho kwa Bi Kijakazi. Akaingia jikoni kuipasha moto yeye mwenyewe. Walipotoka kuswali Isha alimwandalia shemeji yake. Saadiya alitaka kuonja, kaka yake akamzuia mkono. Akamtania kwamba hiyo ni supu ya wanaume. Yeye mwenyewe hakula, alisema tumbo linamsumbua. Mtoto naye alifukuzwa akalale.

"Mtoto gani?"

"Zeina, binti yangu. Ana miaka sita." Sauti ilitetemeka hapo kwa mara ya kwanza. "Mola amepanga, sasa hataondoka tena."

Ndipo Theophil alipojua kwamba Ubeid alikwisha kumkatia mtoto tikiti ya meli. Kabla ya mfungo wa Ramadhani angempeleka Sheheri, kwao Uarabuni, akalelewe na mama yake Ubeid. Saadiya alilia miezi miwili. Wazee walikuja wakasema, kadhi alisema mtoto ni wa baba. Siku moja alimwambia kaka yake kwamba meli ikiondoka na Zeina, yeye atajitupa majini nyuma yake.

"Akaniambia ninyamaze, Mungu hamtupi mja wake," alisema Saadiya. "Una lingine, Sajini?"

Theophil alisema hana. Alisimama, akakirudisha kigoda mlangoni taratibu, kisitoe sauti.

*

Abbasi alifika ofisini saa kumi na moja, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, ametoka kwenye hitima. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa katika karatasi. Akakiweka mezani mbele ya Theophil.

"Halua. Nimekuwekea kabla hawajaimaliza. Umeshindaje, kaka?"

"Nilikwenda Magogoni."

Abbasi akavuta kiti. Aliiona chupa, akaliona bakuli, na kati yake aliona tende tatu kavu, ambazo Theophil alizinunua sokoni njiani. Akazitazama muda mrefu. Alijaribu kujitetea kidogo, hata hivyo. Alisema wachokoaji wa Magogoni ni watu wa porojo, na kwamba pweza wako wa namna nyingi.

"Nimemwona," alisema Theophil. "Pweza alimkumbatia bunju, akamwachia. Kisha nimeongea na Bi Kijakazi, na nimeongea na dada yako. Sikumwambia kitu. Hajui."

Nje askari wa zamu walikuwa wakibadilishana. Abbasi alivua kofia, akaishika mapajani.

Alipoanza kusema alisema kwa mpango, kama anavyoandika. Alhamisi alivuka kwa baba yake. Ndani ya dema mlikuwa na bunju wawili. Kila kitu kingekuwa ajali: pweza amekula bunju, mtu amekufa, hakuna wa kulaumiwa, mama angelala ndani siku mbili kisha angeachiwa. Angejipatanisha naye. Hakuhesabu kwamba Mwingereza atauliza habari ya watu ishirini.

"Na alipouliza? Wino mwekundu uliuona Jumatatu."

"Nilikuwa natafuta njia."

"Uliiona njia. Ulikuwa umekaa juu yake."

Abbasi akafunika uso kwa viganja, akafunua. "Ungekuwa na dada, Theophil. Ungemwona anavyozishona nguo za safari za mtoto huku analia."

"Ninao dada wawili. Na sahihi iliyo chini ya uongo wako ni yangu." Theophil hakupaza sauti. "Ulijua nitaamini. Katika kituo kizima, ulimtafuta asiyejua bahari ukamkuta ni mimi."

Theophil akamsogezea karatasi tupu, na kalamu.

"Andika. Wewe ndiye mwenye mwandiko. Na tende uzitie."

Aliandika kurasa mbili na nusu, hakufuta mahali. Theophil alisimama dirishani muda wote huo. Kisha akazipeleka kurasa kwa Inspekta, akamtafsiria neno kwa neno, na ripoti yake ya kwanza akaiomba irudi ili aandike juu yake kwamba ilikuwa ya uongo. Inspekta akatia sahihi amri ya kumtoa mama yule, na amri nyingine.

Giza lilikuwa halijaingia bado walipomleta Bi Kijakazi achukue vitu vyake: kanga moja, kandambili, tasbihi. Vilikuwa juu ya meza ile ile. Bakuli nalo lilikuwapo, lakini Theophil alimweleza kwa heshima kwamba lazima libaki kwa ajili ya mahakama. Akamweleza na sababu, kwa maneno machache, kwa kuwa alikuwa na haki ya kuisikia hapo na si sokoni.

Bi Kijakazi alisikiliza huku anavaa kandambili. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli Abbasi aliandika mwenyewe. Theophil akasema ni kweli.

Abbasi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, pingu mikononi, askari ubavuni mwake. Mama alipogeuka, Abbasi akasimama. Akainamisha kichwa, kama alivyofanya kila siku ya Mungu tangu utotoni mbele ya chungu chake cha supu.

"Shikamoo, mama."

Askari akangoja. Theophil akangoja. Halua ilikuwa bado mezani, haijafunguliwa.

Bi Kijakazi akamtazama usoni, akazitazama pingu, akajitanda kanga kichwani. Kisha akapita mbele yake, akatoka.